Nilimpigia imamu makofi Fes

Nianze na aibu yenyewe maana bila hiyo hamtaelewa kwanini nayaandika haya. Mwaka wa kwanza niko Morocco, nimepata skolashipu ya serikali yao, Kiarabu changu cha madrasa na Kifaransa cha kuungaunga, na Fes kwenyewe nina wiki mbili tu. Usiku nikaenda msikiti wa karibu na hosteli kuswali Ishaa. Wanawake wako juu, unapanda ngazi nyembamba, zulia jekundu, wamama wamejaa na majalabia yao mazito maana baridi ya kule mwezi wa kumi na moja si ya mchezo. Imamu akafunga swala, mi nasubiri bismillahi, hola. Akaingia moja kwa moja alhamdu lillahi rabbil alamin. Nikajisemea huyu kasahau. Mi mtoto wa Tanga, wa madhehebu ya Shafii tangu kuzaliwa, kwetu bismillahi ni aya ya Alhamdu, sura ya kwanza ya Kurani, ukiiruka umeruka aya na swala hakuna hapo. Bado nalitafuna hilo nasikia "maliki yaumid-din". Maliki, fupi. Siyo maaliki kama tunavosoma kwetu.

Nikasema hapa sasa hapana. Chuoni tulifundishwa imamu akikosea mwanaume anasema subhanallah, mwanamke anapiga kofi, basi nikapiga, kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto, paa, tena sikupiga kwa kuiba. Hakuna kilichotokea. Imamu kaendelea zake. Rakaa ya pili maliki tena, nikapiga tena. Halafu akaanza sura ya Wadduha na hapo ndo nguvu ziliniisha kabisa, "wadduhee, wallayli idhaa sajee, maa wadda'aka rabbuka wamaa qalee", yaani kila mwisho wa aya ile a anaipinda inaelekea kwenye e, nikawaza huyu baba ana tatizo la taya au ni lafudhi ya huku, na wamama wote wametulia tuli kama hakuna kitu. Nikaacha, mikono nikairudisha kifuani, ambako kumbe nako nilikuwa peke yangu maana wenzangu wengi wameiachia inaning'inia ubavuni.

Baada ya salamu mama wa pembeni akaniinamia kwa upole kabisa akaniuliza, mdudu alikuwa mkubwa? Alidhani naua mbu.

Baadaye sana nikajua Imamu Malik, ambaye ndo madhehebu yao, yeye anaona imamu akikosea wote wanasema subhanallah, wanaume na wanawake, mambo ya makofi hayapo. Kwa hiyo mi nilikuwa napiga makofi kwa kosa lisilokuwepo, kwa lugha wasiyoielewa.

Msikiti ule ule kulikuwa na mama mtu mzima anafundisha wanawake Kurani baada ya Alasiri, wote wanamwita Lalla, ndo heshima yao kama sisi tunavosema bi fulani. Yule mama wa mbu akanipeleka. Lalla akaniambia soma Alhamdu. Nikasoma vizuri kweli, na tajwidi yangu yote, zile kanuni za kutamka, nataka ajue mi sijaja bure. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja, "Hafs". Kama fundi anayesikiliza injini akiwa nje ya gari. Halafu akaisoma yeye kama nilivoisoma mimi, sawasawa, na maaliki yake ndefu, akanyamaza kidogo, akaisoma tena kama ya imamu. Akasema zote mbili zimesomwa mbele ya Mtume.

Nikamwambia ustadha, samahani, mi msahafu wangu ninao. Nikautoa kwenye begi, ule wa kijani wa Madina ambao karibu kila nyumba ya Kiislamu kwetu upo, mahujaji wanarudi nao. Akaufungua nyuma kabisa, akapita Kul audhu birabbin-naas, akapita kurasa mbili tatu, akaniwekea kidole: msahafu huu umeandikwa kwa kufuata riwaya ya Hafs bin Sulaiman kutoka kwa Asim bin Abi Najud wa Kufa. Jamani. Msahafu ule ninao tangu darasa la tano. Nimeuhitimu sijui mara ngapi. Ule ukurasa sikuwahi kuufikia maana sisi tukifika Kul audhu tunafunga, dua, halua, tunarudi Alif Lam Mim.

Na hapo sijawahi kusikia hata mara moja jina Hafs. Chuo nilichosoma mimi kilikuwa barazani kwa mwalimu, unakaa kwenye jamvi, alifu fataha a, alifu kisira i, alifu dhuma u, ukifika juzuu amma unashangiliwa, ukikosea fimbo ya mwarobaini iko karibu. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema na ninamuombea mpaka leo, lakini hakutuambia kuwa tunachosoma kina jina. Kwetu ilikuwa Kurani inasomwa hivi, basi. Sijui na yeye kama aliambiwa.

Lalla ndo akanipangia polepole, siku nyingi, sio siku moja. Nitafupisha. Misahafu aliyotuma Khalifa Uthman kwenye miji mikubwa haikuwa na nukta wala irabu, na watu hawakujifunza Kurani kwenye karatasi, walijifunza mdomoni kwa mtu aliyejifunza mdomoni kwa mtu. Kila mji ukawa na mabingwa wake. Karne ya nne ya Hijra mwanachuoni mmoja wa Baghdad, Ibn Mujahid, aliyefariki mwaka 324, akakusanya visomo vya mabingwa saba: Nafi wa Madina, Ibn Kathir wa Makka (sio yule wa tafsiri, huyu wa kisomo ndo wa zamani zaidi), Abu Amr wa Basra, Ibn Amir wa Damascus, na watatu wa Kufa, yaani Asim, Hamza na Kisai. Baadaye akaja Ibn al-Jazari, aliyefariki 833 Hijria, akathibitisha wengine watatu wakawa kumi. Na kila bingwa ana wapokezi wawili wanaojulikana zaidi, na upokezi wa mmoja ndo unaitwa riwaya, sio riwaya zile za kununua dukani. Nafi anao Qalun na Warsh. Asim anao Shuba na Hafs.

Warsh na Qalun yote ni majina ya utani, na wote inasemekana walipewa na mwalimu wao. Warsh jina lake Uthman, mtu wa Misri, alifunga safari mpaka Madina kusoma kwa Nafi, akarudi Misri akafundisha, akafariki mwaka 197. Kutoka Misri kisomo chake kikaelekea magharibi, Morocco, Algeria, Mauritania, Senegal, Mali mpaka kaskazini ya Nigeria. Qalun yeye yuko sana Libya na Tunisia. Na Wamorocco wana sababu ya kumpenda Nafi, maana Nafi na Imamu Malik walikuwa mji mmoja zama moja, kwa hiyo kwao fikihi, yaani sheria za dini, ya Madina na kisomo cha Madina ni pacha.

Hafs sasa, huyu wetu, alikuwa mtoto wa kambo wa Asim, amelelewa nyumba moja naye. Hii nilipenda sana, sijui kwanini, nikamuona kama mtoto yuko jikoni anasikia Kurani inasomwa chumba cha pili. Lalla akanichekesha akasema nyinyi Mashafii mnashangaza, imamu wenu Shafii mwenyewe alisoma kisomo cha Makka cha Ibn Kathir, halafu nyinyi mnasoma cha Kufa. Sikuwa na jibu. Jibu kwa sehemu kubwa ni Waturuki wa Uthmaniya kukieneza Hafs, halafu machapa, ule msahafu wa Cairo wa mwaka 1924 ulichapwa kwa Hafs, halafu kiwanda cha Mfalme Fahd kule Madina kuanzia 1984 kinatoa misahafu kwa mamilioni, na mingi ni Hafs. Mwenye mtambo wa kuchapa ndo anasikika.

Nikaanza kusoma Warsh kwa Lalla. Nilidhani itakuwa wiki mbili, nabadilisha maliki, napinda mwisho wa Wadduha, nimemaliza. Miezi.

Kwanza msahafu wenyewe kuusoma ni shughuli. Hati ya Kimaghribi nukta ya fa wanaiweka chini na qaf wanaiwekea nukta moja juu, yaani qaf yao ni fa yetu. Siku ya kwanza Lalla kaniambia anza Kul huwallahu, mi nimeangalia nimesoma "ful". Ful! Maharage! Astaghfirullah, darasa zima la wamama wakainama wanajizuia, Lalla mwenyewe akafunika mdomo na mtandio. Na sura ya Ikhlasi hiyo hiyo mwishoni, sisi tunasema kufuwan, na kumbe wau ile karibu ni Hafs peke yake anaisoma hivyo, Warsh anaweka hamza, ile ya kukata sauti kooni, kufu'an. Sura niliyoijua kabla sijajua kuvaa viatu.

Halafu hamza zenyewe, huku anaweka, kule anatoa. Sisi tunasema yu'minuna, Warsh anasema yuuminuna, inalainika. Tunasema qad aflaha, yeye anairusha irabu ya hamza kwenye dali inakuwa qadaflaha, unaisikia kama neno moja. Lamu ya swalaati anaijaza, inakuwa nzito kama ile lamu ya Allah, wakati ra yetu nzito ya khairan yeye anaikondesha. Na madda, yaani kuvuta sauti! Madda ya "yaa ayyuha" tunayovuta vipimo vinne yeye anavuta sita, mi pumzi zinanikatikia katikati, Lalla ananyoosha kidole kimoja juu anasubiri nivute tena nirudie. Siku moja nimevuta mpaka nimekohoa, akasema wewe unasoma kama mtu anayekimbilia basi.

Kitu kilichonitia hofu ya kweli ni namba. Nimemwambia nataka nimsomee aya ya mwisho ya Baqara, mia mbili themanini na sita. Akasema Baqara inaishia mia mbili themanini na tano. Nikafungua wake, kweli, 285. Moyo ukapiga. Aya moja imeenda wapi? Tukakaa chini tukalinganisha neno kwa neno mwanzo mpaka mwisho, ilichukua Alasiri tatu, na maneno yote yapo. Ni mahali pa kukata tu. Watu wa Kufa wanahesabu Alif Lam Mim kuwa ni aya peke yake, watu wa Madina wanaiunganisha na inayofuata, halafu kuna sehemu nyingine Madina wanakata na Kufa hawakati, kama pale kwenye Ayatul Kursi baada ya al-hayyul qayyum. Mwisho wa hesabu Kufa wanapata aya 6236, hesabu ya Madina inayotumika na Warsh inapata 6214. Na bismillahi ya Alhamdu ndo hiyo hiyo: kwa Kufa na Makka ni aya ya kwanza, kwa Madina sio, wao wanaigawa ile ya mwisho mara mbili kwenye an'amta alaihim, saba zinatimia. Kwa hiyo imamu wangu wa siku ile hakuwa amesahau chochote.

Nilipomsimulia Lalla habari ya makofi (miezi imepita, aibu imepoa), alicheka kisha akanisimulia ile ya Sayyidna Umar, ambayo kumbe iko kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Umar alimsikia Hisham bin Hakim anasoma sura ya Furqan vingine na alivofundishwa yeye, akamvumilia mpaka akatoa salamu, akamkaba na shuka lake akamburuta mpaka kwa Mtume. Mtume akamwambia muachie, soma Hisham, akasoma, akasema hivi ndivyo ilivyoteremshwa. Soma Umar, akasoma, akasema hivi ndivyo ilivyoteremshwa, Kurani imeteremshwa kwa herufi saba. Wanavyuoni wanasisitiza herufi saba sio visomo saba, ni vitu viwili tofauti ingawa namba imegongana, na hapo watu wengi wanateleza hata mimbarini. Lalla akasema Umar alikaba mtu, wewe umeua mbu tu.

Hosteli nilikuwa nakaa chumba kimoja na dada wa Kisudani, mtu wa Omdurman, na huyu ndo alinimaliza kabisa maana nilishaanza kudhani dunia ina Hafs na Warsh. Usiku mmoja anaswali namsikia "qul a'uudhu birabbin-nees, malikin-nees, ilaahin-nees". Nikasubiri amalize. Hii nayo nini? Akasema hii ni Duri, kutoka kwa Abu Amr wa Basra, ndo kisomo cha zamani cha Sudan, bibi yangu anasoma hivi, na Chad wanasoma, na Wasomali wa zamani. Akanisimulia khalwa za kwao, watoto wanahifadhi kwenye mbao za kuandikia usiku wakizunguka moto mkubwa unaoitwa taqaba, kila mtoto anapiga kelele za aya yake. Tukawa wakati mwingine tunachezacheza, kila mmoja anasoma Wadduha ya kwake. Yeye na Warsh wote wanapinda miisho ile, nilibaki mi peke yangu na Wadduhaa yangu iliyonyooka kama nguzo ya umeme. Ingawa hata Hafs naye anapinda, mara moja tu kwenye Kurani nzima, sura ya Hud, "majreehaa", tulikuwa tunachapwa chuoni kwa kuikosea na hakuna aliyetuambia ni kwanini pale tu.

Sasa kuna hili la klipu. Mwaka wa pili ikatumwa kwenye grupu la watsapu la ukoo, vidio ya mtu ameshika misahafu miwili anasema Waislamu wanadanganywa Kurani zipo tofauti, hii ina neno hili na ile haina. Grupu likawaka. Binamu mmoja akasema ni msahafu feki umetengenezwa na maadui, mwingine akasema tulieni hizo ni lafudhi tu, kama Mpemba na Mbara. Mi nikaandika meseji ndefu mno mpaka mjomba akasema fupisha mwanangu bando za watu.

Maana wote wawili walikosea. Feki sio, ni Warsh ya kawaida kabisa, inauzwa dukani Fes dirham kadhaa. Lakini na nyie mnaosema lafudhi tu, sio kweli, na mkisema hivyo mtoto akija kukuta mwenyewe ataona mlimficha. Kupinda a ni matamshi, sawa. Maliki na maaliki ni maneno mawili, Mfalme wa siku ya malipo na Mmiliki wa siku ya malipo. Baqara aya ya kumi, wanafiki wana adhabu kwa sababu "yakdhibuun", wanasema uongo, Warsh anasoma "yukadhdhibuun", wanakadhibisha, na sisi Waswahili maneno yote mawili tunayo, hatuhitaji mkalimani. Washamsi mwisho, sisi "walaa yakhaafu", wao "falaa yakhaafu", na ile fa imeandikwa hivyo tangu msahafu uliokuwa Madina na ule wa Sham. Sura ya Hadid aya ya 24 kuna neno la Kiarabu "huwa" (yeye) ambalo kwa Nafi na Ibn Amir halipo, huyo wa klipu alikuwa anaonyesha hiyo hiyo kama vile kaigundua jana, wakati wanavyuoni wameiandika na kuihesabu zaidi ya miaka elfu. Na ile aya ya udhu, Maida aya ya sita, arjulakum na arjulikum (miguu yenu), Hafs na Nafi wako upande mmoja, Ibn Kathir na Abu Amr upande wa pili, mafakihi wameijadili mpaka wino ukaisha. Hivi vitu havikufichwa. Shatibi, mtu wa Andalus aliyefia Cairo mwaka 590 wa Hijra, aliitungia elimu ya visomo saba shairi la mistari 1173, na watu wanaihifadhi mistari yote, ndo utajua jambo hili lilikuwa hadharani kiasi gani.

Grupu lilinijibu na emoji za mikono ya dua. Sijui kama kuna aliyesoma.

Basi bwana, nikarudi nyumbani likizo, Ramadhani. Kwetu wanawake wa mtaa wanaswali tarawehe pamoja kwa bibi, uani, na mwaka ule wakasema msomi karudi, atuswalishe yeye. Nikasimama katikati ya safu kama inavyotakiwa mwanamke akiswalisha wanawake. Na hapa niseme ukweli, hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kusoma kama walivyonizoea. Nilitaka wasikie. Nikafunga, bismillahi nikaisoma kwa sauti maana bibi angenikatia swala, halafu "maliki yaumid-din", nikasikia nyuma... sio nyuma, pembeni, paa! Bibi. Kiganja cha kulia juu ya mgongo wa kushoto.

Nikaendelea. "Wadduhee." Paa. "Sajee." Paa paa. Shangazi naye akaingia. Mi nikababaika, sura iliyofuata nimeanza na Warsh katikati nimetumbukia Hafs, kwenye Ikhlasi sijui hata nilisema kufu nini, kisomo kimechanganyika kama mchele na mchanga, na Lalla hicho ndo kitu alichokuwa anakikemea kuliko vyote, ukianza na mmoja maliza naye, usinichanganyie watu wawili kwenye swala moja.

Tulipotoa salamu bibi akageuka. "We mtoto, huko ulikwenda kusoma au kung'olewa ulimi?"

Nikajaribu kueleza, Nafi, Madina, Warsh, wamama wananiangalia kama nauza dawa. Shangazi akasema "ahaa, Kurani ya Wamorocco". Nikasema shangazi hakuna Kurani ya Wamorocco. Ikawa mbaya zaidi. Siku ya pili mjomba akaenda kumuuliza sheikh wa mtaa, akarudi na jibu kwamba binti anachosoma ni sahihi na kimepokewa, ila awasomee wenzake wanachokijua asije akawatia shaka. Nilikasirika siku mbili. Niliona wananirudisha utotoni. Siku ya tatu nikakumbuka mimi mwenyewe nilivokuwa kule juu kwenye zulia jekundu, na mi nilikuwa nimehitimu na nina tajwidi, sembuse bi mkubwa wa jirani ambaye Alhamdu yake ndo kitu pekee ana hakika nacho. Nikaswalisha Hafs mpaka Ramadhani ikaisha. Kilichobaki kinaniuma mpaka leo ni kwamba nilisoma ili nisikike.

Bibi lakini hakuliacha. Jioni moja anakuna nazi ya futari, amekaa kwenye mbuzi yake, mi namenya mihogo, akasema haya, nisikilizishe hao watu wako. Nikafungua simu, nikamuwekea Abdulbasit, yule msomaji wa Kurani wa Misri. Bibi na Abdulbasit ni habari nyingine, alikuwa na kaseti zake tangu babu yuko hai, zimefungwa na mipira ya nywele. Abdulbasit amerekodi Kurani nzima kwa Hafs na akarekodi nzima kwa Warsh, kama alivofanya Husary, msomaji mwingine wa Misri, naye aliyeongeza Qalun na Duri. Ikaanza "wadduhee". Mkono wa bibi ukasimama juu ya kifuu.

"Huyu Abdulbasit?"

"Ndiye bibi."

"Yule wa kaseti?"

"Yule yule."

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema rudia. Nikarudia. Hakusema nzuri wala mbaya, akaendelea kukuna.

Miezi ile ile tukawa na hitima ya ndugu wa babu. Wanawake chumba cha ndani, juzuu zimegawiwa, uvumba unafuka, kila mmoja ananong'ona juzuu yake mpaka zikatimia thelathini, kisha tukasoma za mwisho kwa pamoja. Kila sura ikiisha bibi anaongoza na wote wanaitikia, "laa ilaaha illallaahu wallaahu akbar", halafu sura inayofuata. Nimelisikia hili tangu niko tumboni. Siku ile ndo nikaganda. Kwa sababu Lalla alishaniambia, kuleta takbira baina ya sura kuanzia Wadduha mpaka mwisho ni kitu kinachojulikana kwa watu wa Makka, kimepokewa kwa Bazzi, mpokezi wa Ibn Kathir. Hafs kwa njia tuliyozoea hana hilo, na Warsh hana. Bibi yangu aliyenipigia makofi ana kipande cha kisomo cha Makka mdomoni, na anacho miaka sabini.

Tulipokuwa tunaosha sahani za pilau nikamuuliza, bibi ile takbira baina ya sura ulifundishwa na nani?

"Nimeikuta."

"Lakini ile ni ya kisomo kingine, ni ya watu wa Makka, hata kwenye msahafu wetu haijaandikwa."

Akafuta mikono kwenye kanga. "Na hao wa kwako, wakimaliza Wadduhee yao, wanaitikia?"

Nikamwambia hawaitikii bibi, wanaunganisha tu.

"Ehee," akasema, na akanisukumia sufuria.